Mwita Majina na Kengele

Kwa miaka kumi na mmoja shangazi yangu alifanya kazi ambayo haikuwa na jina kwenye orodha ya kazi za kliniki. Katika karatasi za ajira aliandikwa "mhudumu", neno linaloweza kumaanisha mtu wa kupiga deki, wa kubeba chupa za maabara au wa kufungua madirisha asubuhi. Kazi yake hasa ilikuwa kuita majina. Alikaa kwenye kiti cha mbao kati ya mlango wa chumba namba mbili na wa chumba namba tatu, kadi za wagonjwa zimepangwa mapajani, na kila mlango ulipofunguliwa alimwita anayefuata. Wafanyakazi wenzake walimpa jina la Redio. Wagonjwa nao wakalidaka, na mwisho hata sisi nyumbani tukalizoea.

Jina hilo lilimchekesha, maana hakuwa na sauti kubwa. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na mabenchi kumi na mawili, sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari. Kikohozi cha mtu mmoja kilizunguka humo kama mpira. Mtu mwingine yeyote angepayuka. Yeye alitaja majina mawili ya mgonjwa, la kwanza kwa sauti ya kawaida, la pili akilishusha taratibu, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa mezani. Mwenye jina aliinuka. Wengine hawakugeuza hata shingo.

Kipaji hicho hakuzaliwa nacho. Alikifuata mbali, katika kiwanda cha nguo alichoingia akiwa na miaka kumi na tisa. Ndani ya kiwanda kulikuwa na mashine mia mbili za kufuma, zote zikigonga kwa pamoja kuanzia saa moja asubuhi. Wasichana wapya walipiga kelele ili wasikike, na baada ya wiki mbili walibaki na sauti za kukwaruza. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye mashine ya jirani alimvuta sikio siku ya tatu.

"Wewe, unashindana na chuma?" alimwambia. "Kelele ya chuma iko juu. Pita chini yake."

Akajifunza kupita chini yake. Akajifunza pia kwamba safu nzima ya wafumaji, wanawake ishirini, walikuwa wakiimba kwa midomo iliyofungwa wimbo usio na maneno, wakifuata mdundo wa mashine. Mashine moja ilipoanza kuchelewa hata kidogo, wimbo uliyumba, na mikono ilijua kabla ya macho kwamba mahali fulani uzi unakaribia kukatika. Alifanya kazi hapo miaka tisa, hadi milango ya kiwanda ilipofungwa. Aliondoka na masikio, na wimbo ule.

Kliniki ilimchukua kama mpiga deki. Wakati huo majina yaliitwa na karani mmoja aliyekuwa akipiga makofi mawili kabla ya kila jina, pa! pa!, kama anafukuza kuku. Siku karani alipoumwa mafua, shangazi aliweka ndoo pembeni, akafuta mikono, akachukua kadi. Saa sita mchana nesi wa chumba cha kupimia presha alitoa kichwa mlangoni.

"Leo wagonjwa wachache?" aliuliza.

"Themanini na wawili," shangazi alimjibu. "Wote wako mbele yako."

Nesi akautazama ukumbi. Ulikuwa umejaa hadi mlangoni, ila ulikuwa umetulia. Karani aliporudi alipewa meza ya dawa, na kiti cha mbao kikabaki kwa shangazi.

Kati ya jina na jina alikuwa akiimba wimbo wa kiwandani, mdomo umefungwa, ameupunguza mwendo hadi nusu. Sidhani kama kuna mgonjwa aliyejua kwamba anausikia. Mimi mwenyewe, niliyekaa pale mara nyingi nikimngoja amalize kazi, nilikuja kuugundua siku nilipotazama chini na kuona mguu wangu, ambao hucheza kila ninapokaa, umetulia tuli. Watoto wachanga walilala. Wanaume waliokuja na ugomvi wa foleni waliusahau njiani kati ya benchi la tatu na la nne.

Mwaka huu mwanzoni kliniki ilipata daktari mkuu mpya. Alikuwa kijana, mchapakazi, na kila mtu alimpenda kwa sababu alifika kabla ya wafagizi. Alikuta lalamiko moja ambalo halikuwa la uongo: baadhi ya wagonjwa walidai kwamba wanaojuana na wafanyakazi kadi zao hupanda juu. Daktari akaleta mashine ya namba. Unaingia, unabonyeza, unapata kikaratasi. Nesi akiwa tayari anabonyeza kitufe chake, kengele inalia ting-tong kwa nguvu, namba inawaka kwenye ubao, na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa inasema, "Namba arobaini na saba, chumba namba tatu." Hakuna wa kupendelewa. Katika hilo mashine ilistahili sifa, na shangazi hakuwahi kulikana.

Daktari alimwita ofisini mwenyewe, hakumtuma mtu.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema. "Sauti yako haina kosa lolote. Ila mashine haiumwi mafua."

"Hata mimi siumwi, Daktari. Naenda wapi?"

"Chumba cha mafaili. Huko kuna kiti chenye mto."

"Basi nimepanda cheo," alisema shangazi, akatoka huku akicheka. Kicheko kiliishia kwenye kona ya ukumbi.

Fundi alikuja Jumamosi kufunga mitambo. Alihitaji mahali pa kutundika spika, akaona msumari mnene ukutani, tayari umepigiliwa. Ulikuwa msumari wa saa ya ukutani, juu ya kiti cha shangazi. Akashusha saa, akapandisha spika, akaenda zake. Hakuna aliyefikiri kwamba ukuta ule haukuwa ukuta wa tofali. Ulikuwa ubao mwembamba uliotenganisha ukumbi na chumba namba tatu, chumba cha presha.

Sasa nimlete shemeji yake. Mdogo wake shangazi ameolewa na dereva wa basi la shule, na nyumba zao mbili zina ua mmoja. Dereva ana miaka hamsini na mbili, ni mwembamba, mcheshi, na amewapeleka watoto shule kwa miaka kumi na sita bila kugonga hata ndoo. Yeye na shangazi hutaniana kuanzia alfajiri. Kila mwaka shule humtaka alete cheti cha afya, na kila mwaka huleta. Safari hii alipimwa presha ikasoma mia moja sitini na mbili kwa tisini na nane. Akaambiwa arudi baada ya wiki. Aliporudi ikasoma mia moja sitini na sita. Mwalimu mkuu alimwomba funguo za basi kwa upole, akamwambia wanasubiri kipimo cha tatu, Ijumaa. Kikiwa juu tena, basi litapata dereva mwingine, na yeye atapewa kazi ya kufungua geti.

Jumatatu jioni aliingia jikoni kwa shangazi, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shemeji, umekula nini wiki hizi?" shangazi alimuuliza.

"Hofu. Naila asubuhi na jioni."

"Labda ni mkeo anakuchemsha damu."

"Mke wangu ni dada yako, kwa hiyo angalia unapotupa mawe." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Redio, nikiondolewa kwenye usukani mimi ni nani? Geti hufunguliwa na mtu yeyote mwenye mikono. Watoto arobaini na wanne wale, namjua anayetapika kwenye kona na anayelia akikaa nyuma. Sitaki kuwatazama kwenye tundu la geti."

"Unaumwa kichwa? Kizunguzungu? Unalala?"

"Nalala kama gunia. Siumwi chochote mpaka nifike kwenu. Nakaa pale benchi, kengele inalia, moyo unaruka kama chura. Natazama kikaratasi, siyo mimi. Inalia tena, siyo mimi. Saa mbili nzima, Redio, siyo mimi, siyo mimi. Ikija kuwa mimi, nimeshachoka kama nimesukuma basi."

Shangazi alikuwa akiosha sufuria. Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Ulipokuwa unaniita wewe," Dereva aliendelea, "nilikuwa nasinzia. Ulinikera, maana mara moja ulininyima usingizi mtamu kwa kunitaja."

Kesho yake, Jumanne, shangazi aliingia kazini akiwa ametega sikio. Chumba cha mafaili kiko nyuma ya chumba namba tatu, na kati yao pia kuna ubao. Kwa wiki tano alikuwa amezisikia sauti za upande ule kama mtu anavyosikia mvua. Sasa alizisikiliza moja moja, kwa mpangilio, kama alivyosikiliza mashine za kufuma. Mlango. Kiti kinaburutwa. Nesi anasema kaa, weka mkono hapa. Kraa, mkanda wa presha unafunguliwa na kuzungushwa mkononi. Halafu ting-tong! Sauti ya mwanamke wa mashine ikipita kwenye ubao kama ubao umekuwa ngoma. Halafu fyu, fyu, fyu, mpira wa kupulizia upepo.

Alisubiri mgonjwa wa pili. Mlango, kiti, kraa, ting-tong, fyu, fyu. Wa tatu vilevile. Hadi saa nne alikuwa amewasikiliza ishirini, na mpangilio haukubadilika hata mara moja.

Ilikuwa hivi. Nesi wa presha alikuwa mtu wa bidii. Aligundua kwamba akibonyeza kitufe cha kumwita mgonjwa anayefuata kabla ya kumpima aliye mbele yake, yule anayefuata atakuwa ameshafika mlangoni kazi ikiisha. Aliokoa dakika moja kwa kila mgonjwa, na alijivunia dakika hiyo. Hakujua kwamba alikuwa anampima kila mtu sekunde tatu baada ya kumshtua.

Shangazi hakukimbilia kwa mtu. Alijua anachoweza kuambiwa. Alirudi kwenye rafu, na kwa kuwa sasa kadi zote za kliniki zilikuwa chini ya mkono wake, akatoa za watu waliopimwa presha kabla ya mashine na baada ya mashine. Zilikuwa sitini na mbili. Alizipanga sakafuni baada ya kazi, akitembea kwa magoti. Katika hamsini na moja, namba zilikuwa zimepanda. Nyingine zilipanda kidogo, nyingine sana, na pembeni ya nyingi daktari alikuwa ameandika jina la dawa. Kumi na moja hazikupanda.

Alizitazama zile kumi na moja kwa muda mrefu kuliko zile hamsini na moja. Mmoja alikuwa mtu aliyeanza dawa siku nyingi. Mmoja alikuwa msichana wa miaka ishirini. Kadi ya tisa ilikuwa ya fundi cherehani wa barabara ya nyuma, mzee wa miaka sitini na tano. Kabla ya mashine, mia moja ishirini na nne. Baada ya mashine, mia moja ishirini na nne. Wiki iliyofuata, mia moja ishirini na mbili.

Shangazi alimjua fundi huyo vizuri. Zamani, zamu yake ikifika, hakumwita. Aliinuka kitini, akaenda kumgusa bega. Fundi cherehani alikuwa kiziwi tangu utotoni. Kwa mashine ya namba alikuwa mtu pekee aliyefurahi bila kinyongo, maana namba iliwaka ubaoni na macho yake yalikuwa makali.

Alikaa chini palepale sakafuni, kadi mkononi.

Jumatano wakati wa chai alimkuta nesi wa presha kwenye korido.

"Dada, nikuulize. Ukibonyeza kitufe baada ya kupima, badala ya kabla, itakuwaje?"

"Itakuwa nachelewa. Nina watu themanini." Nesi akapuliza chai yake, halafu akaacha kupuliza. "Kwa nini?"

Shangazi akamweleza. Nesi alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Redio, mimi nakupenda, na ndiyo maana nakwambia mimi kabla hujaambiwa na mwingine. Ukienda na maneno hayo kwa Daktari, watu watasema una wivu na kengele."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake. Wiki ya pili kengele ilipopata hitilafu ikakoroma kama mbuzi, yeye alifurahi peke yake nyuma ya mafaili. Alinisimulia jambo hilo bila kulificha. Alhamisi asubuhi alipiga moyo konde: wivu ulikuwa wake, lakini mkono uliofungwa mkanda ulikuwa wa shemeji yake, na Ijumaa ilikuwa kesho yake.

Ijumaa saa moja na nusu aliusukuma mlango wa daktari mkuu. Hakubeba kadi sitini na mbili. Alibeba mbili.

"Daktari, mimi sijasomea udaktari. Nimesoma kadi tu. Tazama hii, kisha hii."

Daktari alianza na ya Dereva. "Huyu naona mnakaa mtaa mmoja. Ni ndugu yako?"

"Ni shemeji yangu. Tena nina wivu na kengele yako, ili usije ukaambiwa na wengine. Yote mawili ni kweli. Sasa yaweke pembeni, umtazame huyu kiziwi."

Daktari akaitazama kadi ya fundi. Alitazama tarehe, akatazama namba, akarudi kwenye tarehe. Shangazi akamweleza mpangilio aliousikia kupitia ubao: mlango, kiti, mkanda, kengele, upepo. Alimwambia pia kuhusu mabenchi.

"Jina nikiliita, anashtuka mtu mmoja, kama atashtuka," alisema. "Kengele inawaita wote. Kila ikilia, watu themanini wanajiuliza kama ni wao. Mpaka mtu afike kwenye mkanda ameshaitwa mara sitini."

"Inawezekana," Daktari alisema polepole. "Inawezekana pia ni kitu kingine. Wiki hizi tano kulikuwa na joto."

"Hata fundi cherehani alikuwa kwenye joto hilohilo."

Daktari akacheka kwa pua, akainuka, akakunja mkono wa shati. "Twende. Nipimeni mimi."

Chumba namba tatu nesi alikuwa anaandaa meza. Alipoona wawili hao wanaingia, alielewa, akamkata shangazi jicho. Daktari akakaa. "Fanya kama unavyofanya kila siku. Usinionee huruma."

Kraa. Nesi akabonyeza kitufe. Ting-tong! Fyu, fyu, fyu. Nesi akasoma namba, akaisoma tena, akaitaja kwa sauti ndogo: "Mia moja arobaini na nne."

"Mimi?" Daktari akasema.

"Wewe."

Walizima kengele. Walikaa kimya dakika kumi, watu watatu wazima wakitazamana kama wanangoja treni. Nesi akapima tena: mia moja ishirini na mbili. Daktari akataka kengele iwashwe, wakangoja, akapimwa mara ya tatu. Mia moja na arobaini.

Alibaki ameketi, mkanda bado mkononi. "Nilijua inakuja," alisema. "Safari hii nilijua kabisa kwamba inakuja." Kisha akamtazama shangazi kwa namna ambayo hakuwa amemtazama siku alipompa kiti chenye mto. "Zima kengele. Namba ziache ubaoni ili foleni isiharibike. Mama, rudi ukumbini."

Ukumbi ulikuwa umeshajaa. Kengele ilipokatika watu hawakutulia, kinyume chake. Walikaza macho kwenye ubao, wakaanza kunong'ona.

"Mashine imekufa!" mmoja akasema.

"Tutalala hapa leo."

"Mimi namba yangu nitaijuaje? Nani atanisomea?"

Dereva alikuwa benchi la tano, kikaratasi kimelowa jasho mkononi. Alimwona shangazi akitoka chumba namba tatu, akafungua mdomo. Shangazi akampita kama hamjui. Kiti cha mbao hakikuwepo, kilikuwa kimehamishiwa maabara, kwa hiyo alisimama, mgongo kwenye ukuta wa ubao, chini kidogo ya spika iliyonyamaza. Namba thelathini na moja iliwaka. Nesi akampa kadi, na shangazi akaitaja namba, kisha majina mawili ya mwenye namba, la kwanza kwa kawaida, la pili akilishusha.

Mama mmoja akainuka na mtoto wake aliyelala. Mtoto hakuamka.

Kati ya thelathini na moja na thelathini na mbili alianza wimbo wa kiwandani. Aliniambia kwamba mara ya kwanza wimbo ulitoka umeyumba kama mashine yenye uzi mbovu. Akaanza upya, chini zaidi. Minong'ono iliendelea kwa namba tatu au nne. Halafu mzee wa benchi la mbele akaegemea ukuta. Halafu wanawake wawili waliokuwa wanalaumu serikali wakaanza kuongea habari za nywele. Dereva alikuwa namba hamsini na nane. Shangazi hakumsogeza hata hatua moja, na kwa saa moja na robo hakumtazama usoni, kwa sababu aliogopa macho yake yatasema kitu ambacho sauti yake ilikuwa inajitahidi kukificha.

Hamsini na nane ilipowaka, akavuta pumzi. Alimtaja shemeji yake kama alivyowataja wengine wote, bila kuongeza wala kupunguza. Anasema hilo ndilo jina gumu kuliko yote aliyowahi kuita.

Dereva hakuinuka. Alikuwa amesinzia. Jirani yake akamgusa kwa kiwiko, ukumbi ukacheka, naye akaingia chumba namba tatu akijikuna kidevu.

Mlango ulifungwa. Kupitia ubao mgongoni mwake, shangazi alisikia kiti, kisha sauti ya nesi, kisha kraa. Kisha kimya. Fyu, fyu, fyu. Kimya kirefu. Kraa tena, mkono wa pili. Fyu, fyu.

Nesi akafungua mlango mwenyewe. "Mia moja thelathini," alisema, "na mkono wa pili mia moja ishirini na nane." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye haki, akaongeza mbele ya ukumbi mzima: "Redio, nilikosea. Dakika yangu ile nimeirudisha."

Daktari hakusaini cheti siku hiyo. Alisema anataka kipimo kingine cha utulivu, Jumamosi, na Dereva akalalamika kwamba hata mtihani wa leseni haukuwa na maswali mengi kiasi hiki. Jumamosi ikasoma mia moja ishirini na sita. Cheti kikapigwa muhuri. Kwa wale waliokuwa wameandikiwa dawa katika zile wiki tano, Daktari aliagiza waitwe wote wapimwe upya, na hakuna wa kuacha dawa kabla ya kupimwa. Wengi walirudishwa nyumbani bila dawa. Tisa walionekana wanaumwa kweli, kwa kengele au bila kengele, na wakabaki kwenye matibabu.

Kuna wa kumi. Jumamosi hiyo, Dereva akiwa bado anajifunga kifungo cha mkono wa shati, nesi alimwambia shangazi, "Na wewe kaa." Akakaa kwa mzaha. Ilisoma mia moja hamsini na nane. Wakangoja, wakapima, mia moja na sitini. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameegemea chumba cha presha bila kuingia hata siku moja.

"Loo!" Dereva akapiga paja. "Redio inatuliza mji mzima, kumbe yenyewe betri inachemka!"

"Nyamaza wewe, Jumatatu ulikuwa unalia jikoni kwangu."

"Sikulia. Lilikuwa jasho la macho."

Anakunywa dawa zake kila asubuhi sasa, bila kulalamika, na kiti cha mbao kimerudishwa kutoka maabara. Saa ya ukutani imerudi kwenye msumari wake. Namba zinawaka kimya, naye anazigeuza kuwa majina, na hakuna tena anayesema kuna kupendeleana.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimelala kwao, kwa hiyo niliyaona haya mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi basi la shule lilisimama nje ya ua. Kila siku ya kazi Dereva alikuwa akipiga honi ndefu pale ili kumpa shangazi lifti hadi kliniki, honi iliyoamsha mtaa na kumfanya kila mara amwage chai. Safari hii hatukusikia honi. Shangazi alikuwa mezani, kikombe mkononi, akinieleza jambo fulani kuhusu mafaili. Kutoka dirishani ikaja sauti ya mwanamume, ya chini, inayotaja majina yake mawili, yale ya kwenye cheti cha kuzaliwa ambayo hakuna anayeyatumia. La kwanza kwa kawaida. La pili akilishusha taratibu.

Shangazi akaweka kikombe, akainuka, akachukua mkoba, akafika mlangoni. Hapo ndipo alipogundua kwamba ameitwa.

"Mshenzi wewe!" alipiga kelele, kwa sauti ya juu kabisa ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ndani ya basi watoto wote wakaangua kicheko, na Dereva, mikono miwili kwenye usukani, akamfungulia mlango.